Shimo la Ingovyi

Haya, msomaji, mkono wa Laurette uko pale pale ulipouacha. Umeshika pindo la kitenge, chini ya kitenge kuna mtu kalala kimya juu ya ingovyi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa, ingovyi imewekwa katikati ya njia, na lori linanguruma mbele yake.

Wiki nzima mmenisimamisha sokoni kuniuliza nani amekufa. Tulieni basi.

Laurette akavuta kitenge.

Hakuna aliyekufa. Mzee Ngendakumana alikuwa amelala chali, macho makavu, anatafuna muwa.

"Mumechelewa," alisema, akatema makapi. "Hii jua inaniunguza."

Umati ulioileta ingovyi kwa nyimbo za msiba ukaangua kicheko. Laurette hakucheka. Alikuwa ameshamlilia marehemu huyo kimoyomoyo, na sasa alitamani machozi yake arudishiwe.

Laurette ndiye muuguzi mkuu wa Kabere, kijiji cha bondeni nyuma kidogo ya Runingu. Watu humwita Titulaire. Ni mtoto wa Kilibula, mjini Uvira, amekua akiamka na kuona ziwa. Huku Kabere anaamka na kuona mihogo. Posti yake ya afya ni chumba kimoja cha udongo ambamo mwanamke anazaa upande huu wa pazia na mwenye malaria anatapika upande ule. Ndiyo maana alipigania kituo kipya mpaka sauti ikamkauka.

Kituo kikaja. Katika pori lililokuwa zamani shamba la pamba, kuta za matofali zikapanda hadi juu ya madirisha. Kisha siku moja wajenzi wakaweka chini miko na makoleo, wakarudi kwao, na hakuna hata mmoja aliyetaka kusema kwa nini.

Lori la leo halikuleta kitu. Limepakia simenti na mabati, kuyapeleka kijiji kingine ambako watu hawasusi.

"Muzee, ondoka mu njia," Laurette alisema. "Unafanya nini humu?"

"Nangojea munitupe."

"Tukutupe wapi?"

"Mu shimo." Ngendakumana alinyoosha muwa kuelekea nyuma ya jengo, ambako shimo refu lilikuwa limechimbwa na kujengewa matofali. "Ingénieur alisema mwenyewe, mbele ya bantu bote. Ingovyi zetu zote zitatupwa mule. Basi minye niko juu ya yangu. Mututupe bote babili."

Laurette aligeuka polepole. Mhandisi Emery, kijana wa Bukavu mwenye kofia nyeupe ya plastiki, alikuwa amesimama kando ya lori akitazama simu.

"Ingénieur. Ulibaambia nini?"

"Kweli tupu. Kila maternité, nyumba ya kuzalia, iko na fosse à placenta, shimo ya kondo. Lazima. Nikauliza maçon mumoja, ile kondo ya nyuma, kwa Kirundi banaiitaka je? Akaniambia ingovyi. Nikasimama, nikabaambia, hapa ndipo tutatupa ingovyi zenu zote, tufunike, mambo ya zamani yaishe."

"Ulisema na mambo ya zamani yaishe?"

"Ni hygiène, Titulaire!"

Yule mjenzi hakumdanganya. Kondo la nyuma huitwa ingovyi, ni kweli. Lakini ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni nayo ni ingovyi, na machela ya kusukwa ambayo wanaume wanne huiweka mabegani ili kumfikisha mgonjwa barabarani, hiyo ndiyo ingovyi kuliko zote. Kabere nzima imefungwa kwa machela ile. Leo unambeba mke wa jirani, kesho jirani anambeba mama yako. Mwanamume asiyeweka bega lake, siku akiugua atatambaa.

Sasa simama mbele ya wanaume hao, na kofia yako nyeupe, uwaambie utatupa ingovyi zao zote shimoni. Halafu ushangae kwa nini hawaji kazini.

Laurette alitaka kumng'ata mtu. Alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akibembeleza. Alimleta katekista, akaomba dua. Kila mlango ulimjibu, "Tutakuja, Titulaire," kwa adabu nzuri kabisa, na hakuna mlango uliokuja. Yote hayo kwa ajili ya neno moja!

Akapanda juu ya chungu ya kokoto.

"Bandugu! Musikie! Ingénieur alikosea. Haikuwa ingovyi ya kubeba bagonjwa! Hiyo hakuna mutu ataigusa. Alikuwa anasema ingovyi ya mwanamuke. Ile inatokaka nyuma ya mutoto!"

Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, na kicheko kikaruka toka bega hadi bega. Wajenzi wakapigana makofi mgongoni. Hata Ngendakumana alikaa wima juu ya machela yake akajifuta mdomo.

"Kumbe!" alisema. "Na siye tulikuwa tunalia bure."

Laurette alishusha pumzi. Basi, yamekwisha. Alikuwa ameanza kushuka kwenye kokoto, uso umefunguka, aliposikia sauti ya mwanamke.

"Ngojea kwanza, Titulaire."

Alikuwa Pudentienne, mke wa Ngendakumana. Kabla posti haijajengwa, mama huyu ndiye aliyewapokea duniani nusu ya watu waliosimama pale, na bado anawatazama kama watu ambao hawajaogeshwa.

"Hiyo ingovyi ya mwanamuke," alisema, "ndiyo itaenda mu shimo moja? Yangu na ya mwenzangu, zote pamoja?"

"Ndiyo, mama. Zinafunikwa vizuri, imbwa haifiki, inzi haifiki."

Pudentienne alitikisa kichwa.

"Ee. Afadhali ingekuwa ile ya kubeba bagonjwa."

Wanawake waliokuwa nyuma yake waliacha kucheka.

"Siye tunazikaka kwetu," mama aliendelea. "Nyuma ya nyumba, mu migomba. Pale ingovyi ya mutoto inalala, ndipo kwao. Hata akienda Kinshasa, hata Ulaya, kwao ni pale. Sasa batoto betu kwao itakuwa wapi? Mu shimo ya projet?"

"Mama, si vile..."

"Ni vile. Umesema weye mwenyewe, na sauti kubwa."

Wanawake walianza kuokota vikapu vyao. Hao ndio waliokuwa upande wake! Wanaume walikuwa wamesusa kwa kutoelewa. Wanawake sasa wanasusa kwa kuelewa. Ukweli nao, jamani, una siku zake ambazo ungebaki nyumbani.

"Imetosha!" Emery alipiga bati la lori kwa kiganja. "Madame Agathe, mukubwa wa projet, anatoka Uvira, yuko mu njia. Alisema akikuta bantu hapa habatumike kazi, kila kitu kinahama. Mimi sitangojea anikute nimesimama kama muti. Chauffeur, washa, twende!"

"Pita, mwana wangu, pita," Ngendakumana alisema kwa upole mkubwa. Alisimama, akajikung'uta, akapisha njia kama mwenye nyumba anayeaga wageni. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Laurette hakuielewa bado.

Lori likasogea.

Laurette hakufikiri. Alitembea, akapanga sketi yake nyeupe, akalala chali juu ya ingovyi, mahali palipokuwa bado na joto la mgongo wa mzee.

Breki zikalia.

"Titulaire!" Emery alipayuka. "Amuka! Ni haya hii!"

"Haya nimeizoea. Pitia juu yangu."

Watu wakacheka tena. Wacheke. Yeye aliangalia mbingu na kuhisi kamba za ingovyi zikimkata mgongoni, na akamkumbuka mama mmoja wa mapacha aliyefia juu ya kamba hizi hizi, kabla ya kuiona barabara, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Laurette. Siku ile aliapa kwamba hatatembea tena nyuma ya ingovyi akihesabu pumzi za mtu. Alichohisi sasa hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira ya mtu aliyebeba maji mkononi kutoka mbali, akamwagiwa mlangoni.

"Mulilia mama wa mapacha na minye," alisema kwa sauti, akiwa amelala vile vile. "Musinifanye nilie mwingine."

Kilichojibu ni yowe.

Bella, mkaza mwana wa Ngendakumana, alikuwa amekuja na wanawake wenzake kutazama sinema ya bure. Alikuwa na mimba iliyofika mlangoni. Sasa alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, maji yakimtiririka miguuni, ameshika mguu wa mama mkwe wake kwa mikono miwili.

"Inakuja," alisema. "Mama, inakuja!"

"Iteni ambulance!" Emery alipiga kelele.

"Ambulance ni hii nimelalia!" Laurette aliruka kutoka juu ya ingovyi. "Banaume, mabega! Haraka!"

Wanaume wanne waliitikia kabla ya kufikiri, maana bega la Kabere halijui kususia ingovyi. Bella akawekwa juu. Wakageukia njia ya barabara kuu, kama walivyozoea.

Laurette aliinua pindo la nguo ya Bella, akalishusha mara moja.

"Hapana barabara. Kichwa kiko hapa. Ndani! Mu maternité!"

"Haina paa!" mtu alisema.

Laurette alimtazama dereva wa lori. Dereva alitazama shitingi, turubai lililofunika simenti yake, akatazama mawingu meusi yaliyokuwa yakiteremka kutoka upande wa Mulenge, akamtazama Bella. Alikuwa mwana wa mtu. Akaanza kufungua kamba.

Hivyo ndivyo kituo cha Kabere kilivyopata paa lake la kwanza, shitingi ya buluu iliyotobokatoboka. Na hivyo ndivyo lori lilivyoshindwa kuondoka, kwa sababu nani atasafirisha simenti uchi chini ya mawingu yale?

Ngendakumana alibaki nje, ameligeuzia jengo mgongo. Mkwe hamtazami mkaza mwana katika hali ile, wala hapaswi kumsikia. Aliketi kwenye tofali akamenya muwa mwingine.

Ndani, Bella alikuwa ameuma kanga mpaka ikatoboka. Hakulitaja jina la mtu hata mmoja, maana la mkwe haliruhusiwi na la mume alikuwa amelikasirikia. Pudentienne alimshika mgongo. Laurette alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la simenti, bila kitanda, bila meza, na kisanduku chake kidogo cha kazi kimeletwa mbio kutoka posti.

"Sukuma. Sasa. Tena. Usinisikilize minye, sikiliza tumbo."

Mtoto akatoka. Wa kiume. Akakaa kimya.

Laurette akamgeuza, akamsugua mgongo, akamfuta pua. Kimya. Shitingi ilipigwapigwa na upepo juu ya vichwa vyao. Pudentienne alianza kuomba kwa Kirundi, taratibu, na Laurette akamsugua tena mtoto yule kwa nguvu iliyomtisha yeye mwenyewe.

Ndipo yule bwana mdogo alipofungua mdomo akaitukana Kabere nzima.

Nje walipiga vigelegele. Ndani, Laurette alicheka na kulia kwa pamoja, akamlaza mtoto kifuani mwa mama yake, akasubiri kondo. Lilikuja zima, halikuleta matata. Akaliangalia vizuri, akaliweka katika ndoo.

Aliponyanyua macho alimkuta Pudentienne mbele yake, jani la mgomba limekunjuliwa viganjani. Alikuwa amekuja nalo tangu asubuhi, ndani ya kikapu. Mama huyo alijua hesabu za tumbo la Bella kuliko mashine.

"Unipe," alisema.

"Mama, siwezi."

"Mwana wangu, minye nilishika mama yake mugongo. Unipe nimuzikie kwao."

Sauti ya Emery ikaingia kupitia tundu la dirisha. "Titulaire! Jeep ya Madame Agathe imefika pa njia panda! Ile kitu iende mu shimo, bantu baone, na yeye aone! Bila vile, hapa pamekufa!"

Laurette alitazama jani. Akatazama ndoo. Akilini mwake kitu kikawaka, akalitoa kondo ndooni na kuliweka juu ya jani.

"Mama," alinong'ona. "Funga hilo jani vizuri. Kaza. Uweke chini ya kitenge, upite mulango wa nyuma, uende kwako moja kwa moja. Usiongee na mutu."

"Na ndoo?"

"Ndoo nitatia hizi pamba na bitambaa, biko na damu ya kutosha. Nitamwanga mu shimo mbele ya bote. Projet itafurahi. Kisha polepole, moja moja, bamama banakuja kwangu na majani yao. Usimwambie mutu. Hata bwana wako."

"Huyo?" Pudentienne alifunga kifurushi na kukifutika kiunoni. "Huyo simwambiaka hata pale naweka chumvi."

Akatoka nyuma.

Laurette alitandaza kitambaa juu ya ndoo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijisikia mwerevu. Mradi umepata shimo lake, wanawake wamepata migomba yao, na Kabere imepata kituo. Alijipongeza. Ah, msomaji, ukimwona mtu anajipongeza kabla nguo hazijakauka, sogea mbali naye kidogo.

Jeep ilisimama. Madame Agathe, mkuu wa mradi, mama mwembamba wa miwani, alishuka na kukuta watu wamejaa, lori halina shitingi, mtoto analia ndani ya jengo lake lisilo na paa, na muuguzi anatoka na ndoo.

"Mutoto wa kwanza, Madame!" Emery alitangaza kama aliyemzaa yeye. "Maternité imeanza! Na sasa Titulaire anaenda pa fosse, kama vile inatakikana!"

Laurette alizunguka jengo kwenda nyuma. Umati ukamfuata. Na pale, ukingoni mwa shimo, Ngendakumana alikuwa ameshasimama, fimbo mkononi.

Hapa ndipo alipojiandaa kwa vita. Alikuwa na maneno tayari. Mzee ndiye aliyekuwa amelala njiani. Mjukuu ni wake. Sasa atafunga shimo kwa kifua chake.

"Tupa," Ngendakumana alisema.

"Unasema je, muzee?"

"Nasema tupa. Juu ya nini unasita? Ni ingovyi ya mujukuu wangu, na minye nimesema iende mule." Akageukia watu, akainua fimbo. "Mujongee! Bote! Muone na macho yenu. Katekista, weye pia, usisimame mbali. Ingénieur, njoo. Madame, karibu, muone!"

Watu walishangaa. Wanawake walitazamana. Kama Ngendakumana mwenyewe amekubali, basi wao ni nani? Laurette alishika ndoo kwa mikono miwili, akamwaga. Pamba na vitambaa vyekundu vikaporomoka gizani. Akafunika haraka.

Emery alipiga makofi. Madame Agathe aliinua nyusi, akatabasamu.

"Naona kazi inaendelea," alisema. "Basi, simenti ibaki."

Simenti ibaki! Wajenzi walikuwa wameshaanza kutafuta miko yao. Dereva alishusha mfuko wa kwanza begani.

Ngendakumana akavua kofia yake. Akachomeka fimbo ardhini, ukingoni mwa shimo, ikasimama wima.

"Madame," alisema kwa heshima zote, "karibu kwetu."

"Asante, muzee. Nimefika kwenu Kabere."

"Apana. Hapa. Hapa ndipo kwetu." Alikanyaga udongo kwa kisigino. "Baba yangu alilima pamba hapa mpaka mugongo ikapinda. Akakufa, pori ikaota, chef akasema ni pori ya bure, akabapa. Minye hakuna mutu aliniuliza. Hata mumoja! Nikalia kwa chef, hakusikia. Nikalala mu njia, mukanicheka. Sasa silali tena. Mumeona bote. Ingovyi ya mujukuu wangu iko mu udongo huu. Na pale ingovyi ya mutoto inalala..."

Hakumaliza. Hakuwa na haja. Midomo ya watu ilimalizia yenyewe, kwa kunong'ona, kama wanaitikia misa.

"...ndipo kwao."

"Mujenge," Ngendakumana alisema. "Sikatazi. Mutajenga kwa mujukuu wangu. Na siye tutabaambia nani anaingia, na nani analala wapi, na nani anachunga mulango."

Madame Agathe alivua miwani. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Ingénieur, hii udongo iko na mateto, bantu banaigombania?"

"Apana, Madame! Ni mambo ya zamani tu, ni..."

"Projet haijengake mu udongo ya mateto. Nilisema siku ya kwanza." Akawageukia watu. "Ni kweli, hapa kwenu desturi ni vile?"

Hakuna aliyeweza kukana. Katekista aliangalia viatu vyake. Dereva, mfuko wa simenti begani, alisimama katikati ya hatua, akageuka, akaurudisha juu ya lori.

Laurette alimtazama Ngendakumana, na hasira yake ikakosa pa kushika. Uchungu wa mzee ulikuwa wa kweli. Kama mtu angemuuliza, kwa neno moja tu la adabu, pengine angetoa udongo ule mwenyewe na ng'ombe juu yake. Lakini hawakumuuliza, na sasa wanawake wa Kabere watalipa kwa matumbo yao.

"Titulaire," Madame Agathe alisema. "Weye ndiye ulimwanga na mikono yako. Niambie mbele ya hawa bantu. Ingovyi ya mutoto iko mu shimo, ao haiko?"

Wahenga hawakukosea, mchimba shimo huingia mwenyewe.

Akisema iko, udongo ni wa Ngendakumana, na lori linaondoka. Akisema haiko, amekiri mbele ya mkuu wa mradi kwamba alimwaga pamba na kuwachezea wote. Kazi yake itakwenda, pengine na kituo kitakwenda nayo. Pudentienne atarudi kwa mume aliyeaibishwa hadharani. Na hakuna mwanamke wa Kabere atakayemwonyesha tena jani la mgomba.

Alitafuta pa kuweka macho. Akayashusha chini, kwenye mchanga mweupe uliosafishwa na wajenzi.

Hapo akaona tone.

Dogo, jekundu, bado bichi. Mbele yake la pili. Yalitoka mlango wa nyuma wa jengo, yakapita kando ya shimo, hayakusimama, yakaelekea kwenye njia ya migombani. Jani halikukazwa vya kutosha.

Moyo wake ukaruka. Ushahidi! Hana haja hata ya kufungua mdomo. Amwonyeshe tu Madame Agathe kwa kidole, ardhi itajisemea yenyewe. Akainua mkono.

Na akaona kwamba kuna mtu mwingine anayatazama.

Ngendakumana alikuwa ameinamisha kichwa. Macho yake yalifuata tone moja, la pili, la tatu, mpaka pale njia inapoingia kwenye migomba yake mwenyewe. Taya lake liliacha kutafuna. Uso ukamfunguka taratibu, kama wa mtu anayekumbuka mahali mke wake anapoweka chumvi.

Amejua. Laurette alisubiri apige kelele.

Mzee hakupiga kelele. Aliusogeza mguu wake, polepole, bila kumtazama mtu, na kwa kandambili yake ya tairi akafukia tone la kwanza. Akapiga hatua ndogo kama mzee anayenyoosha mgongo. Akafukia la pili.

Kisha akainua macho, akamtazama Laurette usoni, akatabasamu kwa upole ule ule aliokuwa nao wakati lori lilipotaka kupita.

"Jibu, mwana wangu," alisema. "Iko mu shimo, ao haiko? Siye bote tunakusikia."